Sikio Nalo Litaulizwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Liko swali moja ambalo yafaa tulitazame pamoja kwa utulivu. Je, yawezekana mtu akaandika jambo la kweli, lisilo na kosa hata la herufi moja, na huku akawa amesema uongo? Wengi watajibu upesi kuwa haiwezekani, kwani uongo ni kinyume cha kweli, na kitu hakiwi chenyewe kikawa na kinyume chake. Lakini tuchukue mfano tunaoujua sote. Ni magharibi ya tarehe 29 Shaabani. Mtu amesimama Irente, pale ukingoni mwa milima yetu ya Usambara, anatazama juu ya nyika ya Mazinde. Wingu limetanda, haoni kitu. Mara simu yake inalia, anaambiwa ya kuwa mwezi umeonekana katika mji mwingine. Basi anateremka mbio hadi Lushoto mjini kwa Sheikh wa Wilaya, na anasema: "Mimi nimeuona mwezi kwa macho yangu." Mwezi ulikuwapo kweli, na watakaofunga kesho yake watafunga kwa haki. Hata hivyo mtu huyu ni shahidi wa uongo. Hakuulizwa kama mwezi upo. Aliulizwa kama yeye ameuona.

Nimeuleta mfano huu ili tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ni geni kwa baadhi ya wasomaji, nalo ni mashindano ya redio za ridhaa. Nimelichagua kwa sababu swali letu laonekana humo wazi kuliko mahali pengi. Mshindani yuko peke yake chumbani, hapana mwamuzi mbele yake, na ushahidi wake wote ni masikio yake mawili.

REDIO ZA RIDHAA NA MASHINDANO YAKE

Redio ya ridhaa si ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni mtambo wa kurusha na kupokea, anaoutumia mtu binafsi baada ya kupata leseni ya serikali. Kwetu Tanzania leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, kazi yake ni kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi bila ya kutafuta faida ya fedha. Kila mwenye leseni hupewa jina la mwito, yaani herufi na tarakimu ambazo mwanzo wake huonyesha nchi atokayo. Zama za ukoloni mwito wa Tanganyika ulianza na VQ3, wa Zanzibar VQ1, wa Kenya VQ4 na wa Uganda VQ5. Siku hizi Tanzania ni 5H, Kenya ni 5Z na Uganda ni 5X. Waendeshaji wa nchi zetu ni wachache, na kwa hiyo mwito wa 5H ukisikika hewani, watu wa Ulaya, Marekani na Japani huukimbilia kama nyuki wanavyoukimbilia ua.

Katika mashindano yao, yaliyo mashuhuri sana ni yale yaitwayo CQ World Wide, yaliyoanza mwaka 1948. Hufanyika mara mbili kila mwaka: kwa sauti, mwisho wa juma kamili la mwisho la Oktoba, na kwa alama za Morse, mwisho wa juma kamili la mwisho la Novemba. Huchukua saa 48. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki huanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi na kwisha saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu. Dunia nzima imegawanywa kanda 40, na Tanzania imo katika kanda ya 37. Kazi ya mshindani ni kuwasiliana na vituo vingi awezavyo, katika nchi nyingi na kanda nyingi. Wawili wanapokutana, kila mmoja hutaja jina lake la mwito, namba ya kueleza jinsi anavyomsikia mwenzake, na namba ya kanda yake. Kila mmoja huyaandika hayo katika daftari lake, wakaagana, na kila mtu akamtafuta mwingine. Yote hayo huchukua sekunde chache tu. Yakisha mashindano, madaftari hupelekwa kwa waandaaji ili yahesabiwe.

Wala hapana kamari hapa. Hakuna anayeweka fedha ili ziliwe na mwenziwe. Mshindi hupata cheti au kibao cha kutundika ukutani, na jina lake likachapishwa. Msomaji atauliza: basi kwa nini mtu afanye hila kwa ajili ya kibao? Hilo ndilo la kushangaza katika nafsi ya mwanadamu. Sifa humlevya kama mali inavyomlevya, na pengine zaidi.

FARASI WA MTUME NA MADARAJA YA NGUVU

Dini yetu haikukataza kushindana. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi. Wale waliokuwa wamefanyiwa mazoezi aliwapangia mwendo kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, ambao wapokezi waliukadiria kuwa maili 5 au 6. Na wale ambao hawakufanyiwa mazoezi aliwapangia kutoka Thaniyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili 1. Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo. Hakumshindanisha farasi aliyezoezwa na farasi wa nyumbani katika mbio moja. Aliwatenga, kila kundi likashindana na walio mfano wake.

Mashindano ya redio nayo yana madaraja. Wako wanaotumia nguvu isiyozidi wati 5, wako wa wati 100, ambazo ni sawa na taa moja kubwa ya balbu za zamani, na wako wanaofika wati 1,500. Mwenye wati 5 hapimwi na mwenye 1,500. Tena wako wanaofanya kazi peke yao bila ya msaada wa mtu, na wako wanaotumia orodha za intaneti zinazotaja kituo gani kinasikika wakati huu na katika masafa gani. Hawa nao wametengwa daraja lao.

Lakini hapana kanuni iwezayo kusawazisha kila kitu. Mawimbi mafupi hupanda juu, yakakutana na tabaka la hewa lililotiwa nguvu na jua, kisha yakarudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Hali ya jua yenyewe hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Anayekaa karibu na mstari wa ikweta aghalabu hupata nafasi ambazo mtu wa kaskazini hazipati. Na katika CQ World Wide, mawasiliano baina ya mabara mawili yana pointi 3, lakini baina ya nchi mbili za Ulaya yana pointi 1 tu. Kwa hiyo mtu aliye Dar es Salaam akizungumza na Mjerumani hupata 3, na Mjerumani huyo akizungumza na Mfaransa hupata 1. Ndiyo maana wageni hufunga safari na mitambo yao wakaja kushindania Afrika.

Je, hiyo ni dhuluma? Sivyo. Sharti limetangazwa kabla, nalo ni moja kwa wote. Anayetaka pointi za Afrika na aje Afrika. Zanzibar ilihesabiwa nchi ya peke yake katika orodha ya waendeshaji hata mwaka 1974, kisha ikahesabiwa pamoja na Bara. Sharti likabadilika, likatangazwa, na hapana aliyedhulumiwa. Wako waliojaribu kuondoa hata tofauti ya mahali. Mwaka 1990, huko Seattle, Marekani, yalianza mashindano ya timu za watu wawili wawili wanaokusanywa katika eneo moja. Katika yale ya karibuni, kama ya Wittenberg, Ujerumani, mwaka 2018, na ya Bologna, Italia, mwaka 2023, kila timu ilipewa antena za namna moja na uwanja unaofanana na wa wenzake. Kila timu ilikaa na mwamuzi wake, na majina ya mwito yalitolewa muda mfupi tu kabla ya kuanza, ili marafiki wa mtu wasijue ni nani wampendelee. Huo ni uadilifu wa kupigiwa mfano. Lakini ni timu chache tu ziwezazo kufanyiwa hivyo. Katika mashindano ya dunia nzima madaftari huja kwa maelfu, na haiwezekani kila chumba kikawekwa mwamuzi.

MADAFTARI MAWILI

Ni kwa njia gani basi waandaaji hujua aliyesema kweli? Hulinganisha madaftari. Ikiwa mimi nimeandika kuwa nilizungumza nawe saa fulani katika masafa fulani, basi daftari lako nalo sharti liseme hivyo. Kompyuta huyaweka mawili hayo pamoja. Nikikosea herufi moja ya jina lako, mawasiliano hayo hufutwa kwangu, na juu yake hutozwa pointi nyingine kama adhabu.

Msomaji wa Qur'ani Tukufu hataona ajabu. Aya iliyo ndefu kupita zote, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Ndani yake Mwenyezi Mungu anaamrisha liandikwe dogo na kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Mawasiliano ya redio ni mkataba mdogo wa namna hiyo. Kila mmoja ni mwandishi, na kila mmoja ni shahidi wa mwenzake. Ukiandika ovyo, umeiharibu hati ya mikono miwili.

Waandaaji wameongeza na njia nyingine. Huweka mitambo ya kurekodi yanayosikika hewani, huyatangaza madaftari hadharani ili kila mtu ayaone, na hutaja majina ya wanaotolewa mashindanoni. Hayo yote ni mema. Lakini yako mambo matatu ambayo mlinganisho wa madaftari hauyafikii ipasavyo.

La kwanza ni nguvu ya mtambo. Mtu aweza kujiandikisha daraja la wati 100 na huku anarusha 1,000. Anayemsikia ng'ambo hawezi kuapa, kwani sauti kubwa yaweza kutoka kwenye antena nzuri au hali njema ya hewa. Sisi wa Lushoto tunaijua vizuri dhambi hii, ila kwetu ina jina jingine: lumbesa. Mkulima analeta viazi au kabichi, mchuuzi anashindilia gunia na kulijengea kilemba juu mpaka linakuwa gunia moja na nusu, kisha analiita "gunia moja" na kulipa bei ya gunia moja. Kanuni za vipimo za nchi zimeikataza lumbesa, na kabla yake imekatazwa na Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Mwenye wati 1,000 anayejiita wa wati 100 amejaza lumbesa hewani.

La pili ni msaada wa siri. Mtu amejiandikisha kuwa anatafuta vituo kwa masikio yake peke yake, na huku dirisha la intaneti liko wazi pembeni linamwonyesha vilipo. Au anasikiliza kwa mtambo ulio nchi nyingine, na ilhali sharti ni kwamba mitambo yote ya kurushia na kupokelea iwe mahali pamoja.

La tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu linawadanganya hata watu wema.

KULISAFISHA DAFTARI

Fikiri ni saa 7 ya usiku. Mwendeshaji amechoka. Inakuja sauti hafifu kutoka mbali. Anasikia herufi mbili, tarakimu moja na herufi moja zaidi, kisha mwisho unapotea katika ngurumo. Hakuomba arudiwe, au aliomba na hakusikia. Anaandika alichokipata na kuendelea. Jumatatu asubuhi anafungua orodha ya vituo vilivyokuwa hewani, anaona jina linaloanza vivyo hivyo, na anaiongeza ile herufi ya mwisho. Sasa daftari lake ni sahihi. Yule wa ng'ambo naye kweli alimwandika. Kompyuta itayalinganisha madaftari mawili na haitaona ila mapatano.

Kanuni za mashindano zimelikataza jambo hili waziwazi. Yakisha mashindano, hairuhusiwi kusahihisha majina kwa kutumia orodha, rekodi, wala kuulizana kwa barua. Na zamani watu walipewa majuma kadhaa ya kupeleka madaftari. Leo CQ World Wide inatoa siku 5 tu, na muda mfupi humpunguzia mtu nafasi ya kulisugua daftari lake mpaka ling'are.

Mwenye kufanya hivyo hujitetea: "Nimeandika uongo gani? Kituo kile kilikuwapo, nilizungumza nacho, na jina ni lenyewe." Jawabu lake ni lile la mwezi. Mashindano hayakumwuliza ni vituo gani vilikuwapo hewani. Hayo waandaaji wanayajua kuliko yeye. Yalimwuliza: wewe umesikia nini? Naye kwa ile herufi moja amejibu: "Nimesikia," na ilhali hakusikia.

Katika Suratul Israi, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anatukataza tusifuate tusilo na elimu nalo, na anatuonya ya kuwa masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Zingatia kwamba masikio yametangulizwa. Na katika Sura ya Yusuf, aya ya 81, wale ndugu waliporudi kwa mzee wao na habari nzito, walifundishwa waseme kwamba hawakushuhudia ila walilolijua. Huo ndio mpaka wa ushahidi. Shahidi hatakiwi kujua kila kitu; anatakiwa asipite pale elimu yake ilipokomea.

Wanazuoni wa Hadithi walilitambua jambo hili zamani sana, wakalipa jina: tadlisi. Mpokezi anaisikia Hadithi kwa mtu wa kati, kisha anamficha mtu huyo na kuisimulia kwa maneno yanayofahamisha kuwa aliisikia kwa sheikh mkubwa mwenyewe. Pengine Hadithi yenyewe ni sahihi kabisa, na kila neno lake lilitamkwa. Hata hivyo Imamu Shu'ba bin Hajjaj, aliyefariki mwaka 160 wa Hijra, alijulikana kwa ukali wake mkubwa juu ya tadlisi. Alijua ya kwamba ukiruhusu mtu aseme "nimesikia" pale asiposikia kwa kuwa habari ni ya kweli, basi siku habari itakapokuwa ya uongo hutakuwa na njia ya kuitambua. Neno "nimesikia" litakuwa limekwisha thamani.

HOJA ZA WATETEZI

Wako watakaosema: mbona waendeshaji wote husema uongo? Katika mashindano kila mtu humpa mwenzake namba 59, yaani "nakusikia vizuri kabisa," na hapo hapo humwomba arudie jina lake mara tatu! Hoja hii yachekesha, lakini ina jibu. Mtu anayeumwa akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo," kisha akaendelea kueleza homa iliyomlaza. Hapana anayemwita mwongo, kwani pande zote mbili zinajua kuwa neno lile limekuwa desturi ya kufungulia mazungumzo. Vivyo hivyo 59: mpaji na mpokeaji wanajua, na hapana aliyedanganyika nalo. Uongo uko pale ambapo mwenzako analitegemea neno lako kama lilivyo, na wewe wajua silo.

Wengine watasema: je, ikiwa sikio lilisikia sawasawa ila kidole ndicho kilichokosea? Huyu si mwongo akisahihisha, nami sitamwita hivyo. Lakini alipoingia mashindanoni aliyakubali masharti, na Waislamu hushikamana na masharti waliyoyakubali. Sharti linamruhusu kusahihisha wakati mashindano yakiendelea, na linamzuia baadaye. Na liwe hivyo, kwani yeye ajua kuwa ni kidole, lakini mwingine atasema kidole na huku ni sikio. Mtu mwadilifu huvumilia hasara ndogo ili mlango wa hila ufungwe kwa wote.

Na wengine watasema: hapana aliyedhuriwa. Yupo! Yuko mtu aliyeliacha pengo daftarini mwake kwa kuwa hakusikia, akapungukiwa pointi, akashika nafasi ya tatu mahali pa pili. Hatajua kamwe kuwa amepunjwa, wala hana kwa kushtaki. Dhuluma ambayo mwenye kudhulumiwa haijui ni nzito zaidi, maana haina wa kuisamehe hapa duniani.

ADABU ZA HEWANI

Zaidi ya daftari ziko adabu za kazi yenyewe. Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Paul Segal, aliandika maadili ya waendeshaji wa ridhaa ambayo yangali yakifuatwa. Miongoni mwake ni kuwajali wengine hewani, na kutoiacha redio imsahaulishe mtu kazi yake, nyumba yake na wajibu wake.

Kuwajali wengine huanza kwa kusikiliza kabla ya kusema. Masafa hayana mwenyewe, ni kama nafasi msikitini: aliyetangulia kukaa ana haki nayo. Basi mtu na asikilize, kisha aulize kama masafa yanatumika, ndipo arushe. Kumzibia mwenzako sauti kwa makusudi kwa sababu mtambo wako una nguvu ni ubabe tu.

Naye anayetafutwa na wengi ana mtihani wake. Mwenye mwito wa 5H aweza kuitwa na mamia kwa mara moja. Wakulima wa mabonde yetu wanaomwagilia kwa mifereji wanajua: maji yakiachwa bila ya zamu, wa juu hushiba na wa chini hukauka. Basi mwendeshaji huyo awe kama mgawa maji mwadilifu. Asiwachague marafiki, asiwatupe wenye sauti dhaifu, alitaje jina lake mara kwa mara ili watu wajue wanazungumza na nani, na akiwa na shaka na herufi aombe irudiwe, hata kama foleni inapiga kelele.

Na kwa Muislamu iko adabu moja kubwa. Ndani ya saa zile 48 mna sala 10 za faradhi. Mashindano hayamlazimishi mtu kukaa kitini mfululizo. Basi adhana ikilia na azime mtambo, asimame. Pointi atakazozikosa hazina uzito wa rakaa moja.

FAIDA YA MCHEZO

Huenda msomaji akasema: Sheikh, umelikuza jambo dogo; huu ni mchezo tu. Nami nakubali kuwa ni mchezo. Lakini waendeshaji wenyewe husema kuwa mashindano ni mazoezi ya siku ya maafa, na historia yawashuhudia. Desemba 2004 kikundi cha waendeshaji wa India kilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, wakirusha kutoka mahali adimu ili watu wa dunia wawapate. Asubuhi ya tarehe 26 likaja tetemeko na mawimbi ya tsunami, na njia za mawasiliano zikakatika. Waendeshaji wale wakaiacha shughuli iliyowapeleka, wakaigeuza mitambo yao kupitisha habari za majeruhi na za waliosalimika kwa jamaa zao waliokuwa mbali.

Sasa fikiri: katika saa kama hiyo anakuja mtu kwenye redio na sauti hafifu, anataja jina la mtu na jina la kijiji. Ungependa aliyeketi kwenye mtambo awe nani? Aliyezoea kusema "sikukupata, rudia tena"? Au aliyezoea kujaza pengo kwa kubahatisha na kuandika kana kwamba amesikia? Hapa petu mvua kubwa zikinyesha, barabara ya Mombo hadi Lushoto huzibwa na maporomoko ya udongo na mawe. Siku ambayo mnara wa simu nao utazimika, mtu wa Soni na mtu wa Mlalo watalitegemea sikio la mtu mmoja na kalamu yake. Mkono uliozoea kubahatisha katika mchezo hautaacha tabia yake siku ya msiba, maana tabia haijui siku ya mchezo na siku ya kazi.

KUSHINDWA KWA HESHIMA

Limebaki la kusema kwa yule aliyeshika amana akashindwa. Imepokewa kwa Anas (r.a.) katika Bukhari ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia aliyeitwa Adhbaa, ambaye alikuwa hatanguliwi. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, akamtangulia. Waislamu wakaona uzito. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hapana kitu kinachoinuka duniani ila atakishusha. Hakudai mbio zirudiwe, wala hakumtafutia bedui kosa. Ikiwa ngamia wa Mtume alitanguliwa, mimi na wewe ni nani hata tusivumilie kutanguliwa?

Basi nawausia vijana wetu wa shule na vyuo wanaojifunza ufundi wa redio, na natumaini watakuwa wengi katika milima hii, mambo matatu. Kwanza, yasomeni masharti kabla ya kuingia, na mkiyakubali myashike. Pili, andikeni mlichokisikia, na msichokisikia kiacheni wazi. Pengo daftarini halina aibu. Tatu, kabla ya kulipeleka daftari lenu kwa waandaaji, lisomeni mara moja kana kwamba atakayelisoma ni Yeye asiyehitaji kulilinganisha na daftari jingine lolote.

Na usia huu si wa wenye redio peke yao. Karani anayejaza fomu ya hesabu ya watu bila ya kufika nyumbani kwao, mwalimu anayeandika mahudhurio ya darasa asiloliingia, jirani anayesimulia ugomvi asioushuhudia: hao wote huenda wakaandika au kusema lililo kweli, na bado wakawa na la kujibu.

Mwenyezi Mungu ayahifadhi masikio yetu na ndimi zetu, atufanye waadilifu tunapoonekana na tusipoonekana, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozitunza amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.